Taya Langu na Vidole vya Wifi

Aliyeniharibia taya ni mume wangu wa zamani. Kofi moja, kule Murusagamba, mbele ya mama yake. Na huyo mama aliyewaambia majirani kwamba nimejigonga mlangoni, naye nampa sehemu yake ya lawama. Sijawasamehe.

Lakini aliyenihangaikia ni dada wa yule yule mwanaume. Wifi aliponiona naondoka na mtoto mgongoni, alijitwika godoro akanifuata mpaka huku Nyabusozi. Tunaishi naye hadi leo.

Miaka yote hiyo mdomo wangu ulifunguka upana wa kidole kimoja. Nilikula vya kupondwa. Mwaka huu yule mtoto, binti yangu, akachumbiwa, nikataka kitu kimoja tu: kumpigia vigelegele mwenyewe siku ya kumuaga. Wifi akanipeleka hospitali kwa mtaalamu wa viungo. Yule mtaalamu alivaa glavu, akaingiza kidole ndani ya shavu, akabonyeza msuli mpaka machozi yakanitoka. Kisha akamfundisha wifi kukanda kwa nje: ncha za vidole mbele ya sikio, mizunguko midogo midogo, kushuka hadi pembe ya taya. Mimi niweke ulimi juu, nifungue polepole.

Kila jioni wifi alinilaza kichwa mapajani mwake.

"Tulia, we bibi! Hata ng'ombe wakikamuliwa hawalii hivi."

"Ng'ombe hawakuolewa na kaka yako."

Alicheka mpaka vidole vikatetemeka shavuni mwangu.

Wiki tatu zikapita, vidole viwili bado havipiti mdomoni. Tukarudi. Mtaalamu akauliza, "Mama, unatafuna nini?"

"Sitafuni kitu."

Wifi akafungua fundo la kanga yangu, akamwaga kahawa mezani. Huku kwetu kahawa kavu tunaitafuna. Mimi nilikuwa naitafuna kutwa nzima, eti inanitulizia maumivu.

"Kumbe mimi nafungua, wewe unafunga!" wifi akafoka. Nikaiacha. Niliumia kuiacha kuliko kukandwa.

Siku ya kuaga nilikuwa nimefika vidole viwili na nusu. Wakwe wakapitisha kikapu cha kahawa, na kukataa ni kuwatukana. Nikachukua punje moja, nikabaki nayo mkononi. Wifi akaichomoa kiganjani mwangu, akaitia mdomoni mwake.

"Mimi natafuna. Wewe piga."

Nikapiga kigelegele. Kilitoka kifupi, kinakwaruza. Binti yangu akageuka kutafuta ni nani, maana sauti hiyo hakuwahi kuisikia.