Siku Dawa Ilipokufa Kabambare

Jirani yangu hapa Kasongo ni fundi wa pikipiki, na minyororo huiosha kwa petroli, ile ya taa. Harufu inaruka ukuta, inaingia jikoni kwangu na kukaa juu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kama mgeni asiyejua kuaga. Wengine wakiinusa huwaza pikipiki. Mimi nawaza barafu. Vumilieni, nitaeleza, ingawa leo nimechoka kuliko kawaida. Nimetoka kituo cha afya na binti yangu mgongoni, jua la saa saba utosini, nikaambiwa chanjo hazijafika, nirudi Alhamisi. Alhamisi iliyopita niliambiwa hivyohivyo. Hakuna aliyesema kwa nini. Nina hasira ambayo haina hata nguvu ya kusimama, basi imekaa nami chini, na harufu hii imetukuta hapo.

Nilikulia Kabambare. Mama yangu, ambaye kila mtu alimwita Mama Zaina kwa jina langu mimi wa kwanza, alikuwa ndani ya Klabu. Jina refu la Kifaransa lilikuwapo, limeandikwa kwenye kofia zao za njano, ila sisi tulisema Klabu tu. Wakubwa wake walikaa Kasongo. Kwetu lilikuwa tawi, wauza duka, walimu na wakulima, Waislamu na Wakristo pamoja, watu wenye moyo mpana kuliko mfuko. Jumamosi walizibua chemchemi, walitandika magogo kwenye daraja, walifyeka majani kandokando ya shule. Wazee waliokumbuka salongo, ile kazi ya lazima ya zamani, waliwacheka: hawa wanafanya salongo na nyuma yao hakuna askari, nani amewaloga? Mama alikuwa akijibu kwamba daraja likivunjika haliulizi nani alilipwa.

Kisha wakubwa wa Kasongo wakaleta frigo, yaani jokofu, ya chanjo kwa ajili ya kituo chetu cha afya. Ilishuka kwenye lori imefungwa magodoro kama bibi harusi. Chini ilikuwa na tangi la petroli na utambi, sawa na taa ya nyumbani. Juu ilikuwa inagandisha maji. Moto chini, barafu juu. Shehe hakuweza kutueleza, katekista hakuweza kutueleza, na muganga wetu wa kituo, Papa Kalume, alisema maelezo yako kwenye kitabu na kitabu kilibaki Kasongo. Mimi nililamba barafu kwa mara ya kwanza pale, kipande alichonipa muganga, na nikalia kwa sababu nilidhani kimeniunguza.

Kazi ya Klabu ilikuwa kuilisha ile frigo, na kazi ya mama ilikuwa utambi. Kila asubuhi, kabla ya shamba, alikwenda kuukata sawa na makasi, kufuta masizi na kutazama rangi ya ndimi. Moto wa buluu, frigo iko sawa. Moto wa manjano, frigo ina homa. Alikuwa na msemo wake: moto wa frigo haupikiwi, unalelewa. Alirudi na harufu mikononi, na bukari aliyotusongea ilikuwa na harufu hiyo, na nywele zangu alizonisuka zilikuwa nayo. Shuleni waliniita Kibatari. Niliichukia frigo kama mtu anavyomchukia mke mwenza wa mama yake.

Mwaka ule mdogo wangu Amisi alikuwa ametimiza umri wa sindano ya surua. Alikuwa mtoto mnene, mcheshi, anayecheka hata na mbuzi. Habari kutoka machimbo ya Salamabila zilikuwa mbaya: surua imeingia, watoto wanaanguka. Kila pikipiki iliyotoka huko iliteremsha mzigo na habari. Mama alimtazama Amisi, akatazama barabara, akasema chanjo zikifika tu huyu ataingia mstarini.

Zikafika, ndani ya sanduku la baridi, nyuma ya pikipiki iliyojaa tope mpaka kwenye taa. Mji mzima uliona. Muganga akazilaza ndani ya frigo, akatangaza siku, akachukua chache na barafu yake akavuka mto Luama kwenda kuchanja vijiji vya ng'ambo na kuwaita ambao hangewafikia. Frigo akamwachia mama.

Mvua ikaanza siku hiyohiyo. Barabara ya Kasongo ikageuka uji. Malori yakalala njiani, na petroli ikakatika madukani, hata ya kuuza kwa kijiko. Mama akachukua bidoni, dumu la mafuta, akazunguka nyumba kwa nyumba, mimi nyuma yake na chupa iliyokatwa kitako, ya kumiminia. Tuliomba petroli ya taa za watu. Nawaambieni, watu walitoa. Mwanamke aliyekuwa na taa moja aliimwaga mbele yetu mpaka utambi ukanyauka, akasema na giza nalo ni la Mungu.

Tukafika kwa Baba Ramazani, prezida wa tawi, mwenye mashine ya kusaga muhogo. Mtu mzuri, naomba mnielewe, mzuri sana, ndiyo maana kumkasirikia kunachosha. Petroli hakuwa nayo. Lakini prezida hawezi kukubali bidoni ipite mlangoni kwake bila kitu. Akaingia ndani akatoka na chupa mbili za mazutu, ile dizeli ya mashine. Mama akauliza kama haitaharibu. Baba Ramazani akacheka: "Mazutu na petroli baba yao ni mumoja, Mama Zaina. Watoto ya baba mumoja hawauani."

Kwetu hakuna anayeamini hilo, hasa penye urithi. Lakini mama alikuwa amechoka, na bidoni ilikuwa haijafika nusu. Alishika chupa, mimi nikamiminia.

Moto ukawa wa manjano. Mama akakata utambi, ukarudi manjano. Akafuta masizi, yakarudi mazito zaidi. Alikaa chini pale akipepea na kubembeleza kama anayemtuliza mtoto mwenye degedege, na juu, ndani ya lile sanduku jeupe, barafu ikaanza kudondoka tone moja moja.

Asubuhi ya siku ya chanjo uwanja ulijaa kabla umande haujakauka. Akina mama wa mjini, wa mashambani, na wale wa ng'ambo ya Luama waliovuka kwa mtumbwi mto ukiwa umefura, wametembea hadi miguu yao imevimba. Papa Kalume alikuwa amerudi nao. Akafungua frigo, akatoa chupa moja, akaigeuza mwangani. Nilikuwa mlangoni na Amisi mgongoni, niliona vizuri. Kila chupa ina alama ndogo juu yake, duara na ndani yake kidirisha cheupe. Dawa ikipata joto, kidirisha kinaanza kuwa cheusi, na kikifanana na duara, basi. Akatazama ya pili, ya tatu, zote. Hakumgombeza mtu. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayetoka wodini, "Imekufa."

Baba Ramazani alivua kofia yake ya njano akaivaa tena. Akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Tuwaambie sanduku ilirudishwa Kasongo. Njia mubaya, kila mutu anajua. Watarudi siku ingine, na jina ya Klabu itabaki safi."

"Sanduku waliiona inafika, Baba."

Hapo muganga akafungua mkoba wake. Chupa moja aliyokuwa amevuka nayo ilikuwa bado nzima, juu ya barafu ya mwisho, kidirisha cheupe. Chupa moja, watoto kumi, na ikifunguliwa haingoji kesho. Baba Ramazani akapata uhai. Akasema watoto wa Klabu wapitie mlango wa nyuma, kimyakimya, na Amisi wa kwanza, maana mkono uliobeba bidoni ndio unaotangulia sahanini. Mimi nilikwisha kuanza kufungua kikwembe kumshusha mdogo wangu. Kwa mara ya kwanza nilimpenda Baba Ramazani kabisa.

Mama aliushika mkono wangu. Akafunga tena fundo nililofungua.

"Sisi tunakaa mulangoni mwa frigo," alisema. "Wale wa ng'ambo wakirudi mikono mitupu leo, hawavuki tena. Choma wao, Papa Kalume."

"Na huyu?" muganga akauliza.

"Huyu atangoja."

Kisha akatoka uwanjani. Hakuwa na sauti kubwa, mama yangu, lakini watu walisogea wamsikie. Aliwaambia dawa imekufa. Alisema ilifika nzima, imekufa mikononi mwetu, tulikosea moto, na iliyobaki ni ya watoto wa ng'ambo, wengine turudi itakapofika nyingine. Wa mazutu hakumtaja. Nyuma yake Baba Ramazani alitazama ardhi.

Mwanamke mmoja wa mashambani, kichwani amebeba kapu la muhogo kwa kuwa alitaka kupitia sokoni, ndiye aliyejibu wa kwanza. "Imekufa? Basi matanga iko wapi, tukalie?" Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Mwingine akauliza ataizika shehe au katekista. Mwingine akasema kama dawa inakufa yenyewe, itamponyaje mtu. Walikuwa wamechoka, walikuwa wametembea, na kicheko ndicho pekee walichopata siku ile. Mama alisimama mpaka wakamaliza. Tangu hapo mtaani waliacha kumwita Mama Zaina. Walimwita Mama Matanga.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Kwetu mgeni alikuja, akapona yeye.

Surua ilifika kabla ya sanduku jingine. Ilipita njia ileile ya tope ambayo malori yalishindwa. Amisi alifunga macho, akawa na ngozi kama mchanga uliochemka, akaacha kucheka. Mama alimpaka, alimnywesha, alimlalisha kifuani. Sikio la kushoto likaanza kutoa usaha na halikuacha. Alipona, ndiyo. Hata leo yuko Salamabila anauza vipuri, na ukiongea naye lazima ukae upande wa kulia. Wengine mtaani kwetu walizika. Jina la Mama Matanga likakosa wa kulicheka, likafa lenyewe, naye akarudi kuwa Mama Zaina.

Mimi sikurudi haraka hivyo. Nilikataa kushika bidoni. Akinituma niliitika na kukaa. Nilikuwa mtoto na hesabu yangu ilikuwa fupi: kulikuwa na sindano, kulikuwa na mdogo wangu, na katikati yao ulisimama mkono wa mama. Miaka mingi baadaye, shule ya sekondari, mwalimu wa biolojia alieleza kwamba chanjo iliyopata joto ni maji tu, na kwamba mtoto aliyechomwa maji yuko hatarini kuliko ambaye hakuchomwa, maana mama yake ataacha kuogopa. Nilielewa basi kwa nini zile chupa zilitupwa. Ile moja iliyokuwa nzima, mwalimu hakuisema. Mpaka leo, nikimfunga binti yangu mgongoni, najua kwamba mimi ningepita mlango wa nyuma. Sioni haya. Ningepita mbio.

Lakini nimechoka kumkasirikia mama. Hasira ilikuwa ya haki, mlango niliobisha ndio haukuwa wake. Tangu lini maisha ya watoto wa mji mzima yakategemea vibatari vya wanawake? Nani aliyepaswa kutengeneza ile barabara? Hao hawakusimama uwanjani wakachekwa.

Sanduku lilikuja mvua zilipopungua, na petroli safi. Muganga akatangaza siku. Asubuhi ile uwanja ulijaa, lakini hakuna aliyesogea. Walisimama kwenye vivuli vya kuta, mikono juu ya watoto wao, wanatazamana. Dawa ile ilikwisha kufa mara moja. Baba Ramazani aliita, hakuna. Papa Kalume aliinua chupa waone kidirisha cheupe, hakuna.

Mama akamchukua Amisi, pamba ikiwa bado sikioni, akavuka uwanja peke yake, akaketi kwenye kiti cha sindano.

"Mama Zaina," muganga alisema polepole, "huyu surua ilikwisha kumupitia. Haina kazi kwake tena."

"Najua. Muchome."

"Haitamudhuru, lakini ni bure."

"Muchome tu, Papa Kalume. Mbele yao."

Amisi alilia kilio kirefu. Nilidhani uchungu umemwondoa mama akili. Kumtoboa mtoto mgonjwa kwa kitu kisichomfaa. Niliona aibu, nikageuza uso. Ndiyo maana niliona kilichotokea nyuma yangu. Yule mwanamke wa kapu la muhogo, aliyeuliza matanga, alijitoa ukutani. Alimshusha mtoto wake mgongoni, akaja akasimama nyuma ya kiti cha mama. Kisha mwingine. Kisha mstari ukafika barabarani.

Siku ile niliona mstari tu. Imebidi nizae mimi mwenyewe ndipo nione kiti: kwamba siku aliyokuwa na sindano ya kumwokoa mwanawe alimpa mtoto wa mwingine, na siku sindano haikuwa na kazi tena kwa wake, alimleta alie mbele ya watu, ili watoto wao wapate. Hakuwahi kunieleza. Nadhani alikuwa amechoka.