Nilinunua router ya mtumba Lilongwe kwa ajili ya lab ya nyumbani, ndani yake nikakuta siri za zahanati

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi ni yule mtu anayesoma nyuzi za wengine miaka nenda rudi na hajawahi kuandika hata moja. Leo nimeona niseme langu. Yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kiswahili changu ni cha Bukavu, kwa hiyo mkikuta "njo" (ndipo) au "batu" (watu) humu ndani, mnivumilie.

Naishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Lilongwe. Mke wangu Neema anatoka Fizi, ni fundi cherehani, na anashonea nyumbani. Mimi natengeneza simu sokoni: vioo, charging, software.

Kazi ya simu inanilisha, lakini nilikuwa nimeanza kuichoka. Kila siku kioo, kila siku kioo.

Basi kwenye kituo kimoja cha kanisa wakaanzisha darasa la networking. Mwalimu alikuwa dada mmoja wa kwetu Bukavu, nitamwita Solange. Nikaingia, na ndani ya wiki mbili nikawa nimenaswa kabisa. Kujua kwamba ujumbe unatoka hapa, unapita kwenye mashine hii na ile, unafika kwa mtu bila kupotea, kwangu ilikuwa kama mtu amenifungulia saa na kunionesha magurudumu yake.

Nikaamua nitafute cheti cha kimataifa cha networking. Na kwa cheti kile, kila mtu atakuambia lazima uwe na lab ya kufanyia mazoezi.

Hapo ndipo nilipokosea.

Niliangalia video za jamaa wa nje huko. Nyuma yao kabati zima la mashine, taa za kijani zinawaka kama Krismasi. Wanasema nunua router tatu za kuunganisha mitandao, switch tatu za kuunganisha kompyuta kwa waya, zote za mtumba. Nikaandika orodha yao kama ilivyo.

Solange aliiangalia ile orodha, akanirudishia.

"Justin, anza na simulator kwenye laptop. Iko bure. Ukishajua kile kinakukosa, njo utanunua."

Nikamwambia simulator, ile programu ya kuigiza mashine, ni mchezo wa watoto, mimi nataka chuma. Alicheka tu. Hakubishana na mimi, na hicho ndicho kilichoniuma.

Nikaomba kibali cha kutoka kambini, nikashuka Lilongwe, moja kwa moja Old Town.

Wasioijua Old Town, pale ukizunguka vizuri utapata chochote. Nyuma ya maduka ya jumla kuna jamaa anauza vitu vilivyotolewa maofisini: viti, printer, monitor, waya za kila aina. Kwenye kona alikuwa amerundika mashine za network, zina vumbi, zimebandikwa stika ndogo za njano zenye namba.

Nikamuuliza kwa Chichewa changu cha kubahatisha zimetoka wapi.

"Ofisi moja ilibadilisha mashine, achimwene. Zote nzima."

Nzima maana yake nini, sikuuliza. Kama zimefutwa, sikuuliza. Risiti, sikuuliza. Nilichoona mimi ni jina kubwa lililoandikwa mbele ya switch, na matundu arobaini na nane ya waya.

Nikachukua ile switch na router moja. Akiba yangu yote ya lab ikaishia pale. Kutoka barabarani hadi nyumbani nilipanda kabaza, na mwenye baiskeli alinilalamikia uzito njia nzima.

Siku hiyo hiyo mchana nikaiwasha ile switch.

Wakuu, switch za ofisini zina feni. Zimetengenezwa kukaa kwenye chumba chao peke yao, mlango umefungwa. Yangu iliwekwa juu ya meza ya kulia chakula, kwenye nyumba ya vyumba viwili, pembeni ya cherehani. Ilianza kulia kama kinu cha kusaga mahindi.

Mteja wa Neema aliyekuwa anapimwa nguo alishtuka hadi pini ikamchoma.

"Justin, hii kintu iko nasaga nini?"

Kabla sijajibu, umeme ukakatika. Line yetu tunagawana na nyumba nne, na haikuweza kubeba lile dude pamoja na pasi ya jirani. Majirani wakatoka nje. Mmoja alikuwa katikati ya kupiga pasi suti ya mazishi. Niliomba msamaha nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo mwenye kuanza lab, sikiliza hapa. Kabla hujauliza mashine ina uwezo gani, uliza kama unaweza kuiwasha. Inakula umeme kiasi gani? Ina kelele? Utaiweka wapi? Switch ndogo ya matundu manane isiyo na feni, mradi ni ile inayokubali kusetiwa, inakufundisha karibu yote unayohitaji mwanzoni.

Lile dude likahamia chini ya kitanda.

Nikabaki na router. Yenyewe ilikuwa na feni ya upole, umeme ikala kidogo. Shida mbili: sikuwa na console cable, ile waya maalumu ya kuiunganisha na laptop, na mashine ilikuwa imefungwa na password ya wenyewe.

Cable niliazima kwa Solange. Na kufungua password, kuna njia inayojulikana kama mashine unayo mkononi: unaizima, unaiwasha, unaikatiza inapoamka, unaiambia ipuuze kumbukumbu zake. Nilifanya mara tatu nikakosea. Ya nne ikakubali. Nilipiga kelele hadi Neema akaacha kushona.

Halafu nikafungua zile kumbukumbu, nione tu walioiseti waliiseti vipi. Nilitaka kujifunza.

Furaha ikaniisha taratibu.

Kila kitu kilikuwemo. Jina la zahanati moja binafsi ya Lilongwe yenye matawi kadhaa. Njia ya kwenda kwenye kila tawi. Njia ya kwenda kwenye server ya wagonjwa, imeandikwa hivyo hivyo, "wagonjwa" kwa Kiingereza. Password zikiwa wazi. Na ufunguo wa kuingilia kutoka nje.

Sasa wakuu, niliahidi ukweli, na sehemu hii naiandika kwa aibu.

Nilichukua simu yangu, nikaandika ile anwani yao ya nje. Ukurasa ukafunguka. Ukaniomba jina na password. Vyote viwili vilikuwa mbele yangu kwenye laptop.

Nilikaa na kidole juu ya kioo. Sikutaka kuiba. Nilitaka kujua tu kama mlango utafunguka. Lakini nadhani wengi walioingia mahali pasipo pao walianza na kutaka kujua tu.

Nikafunga ukurasa. Sikuingia. Nikaizima router nikatoka nje kutembea.

Kilichonisimamisha ni kitu kimoja. Siku tulipofika Malawi, mimi na Neema tulikaa mbele ya madawati mengi. Tulitoa majina yetu, ya wazazi, tarehe, vidole. Tulieleza kilichotukimbiza, hata yale ambayo hatujawahi kuyarudia sisi wawili tukiwa peke yetu. Yote yaliandikwa kwenye kompyuta za watu nisiowajua. Maisha yangu yako kwenye mashine ya mtu fulani, na ninachoweza ni kumwomba Mungu huyo mtu awe makini.

Na sasa ya watu wengine yalikuwa mezani kwangu.

Nilimwambia Neema nataka kwenda kuwaambia wenyewe. Alitoa miguu kwenye cherehani.

"Wacha iyo mambo. Sisi tuko bakimbizi. Batasema uliiba. Nani atakuamini?"

Alikuwa anasema kweli.

Nikaenda kwa Solange. Nikamweleza yote, na kwamba sasa nafikiria kufuta tu router yangu na kunyamaza. Aliniuliza kama pale Old Town palikuwa na mashine nyingine zenye stika ya njano kama yangu. Nikakumbuka rundo.

"Basi ukifuta yako, utakuwa umefuta moja," akasema. "Justin, we uko nasoma hii kazi juu ya nini? Juu ya cheti, ao juu batu bakuaminie bintu byabo?"

Nikarudi nyumbani. Nikamrudishia Neema maneno yale yale. Akachukua pasi, akanyoosha shati langu jeupe. "Ukienda, enda umevaa muzuri," akasema. Ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

Kibali nilipata cha siku moja.

Nilifika makao makuu ya zahanati asubuhi, router nimeifunga kwenye kitambaa cha Neema. Mlinzi alinikalisha nje hadi karibu saa sita. Hatimaye akatoka mama mmoja, ndiye msimamizi wa kompyuta zao, nitamwita Madam Tadala. Tuliongea Kiingereza, chake kizuri, changu cha darasani.

Nilimwonesha stika ya njano, ile ambayo ofisi hubandika kwenye mali yake. Nikamwambia nilichokikuta ndani.

Uso ulimbadilika. Nilidhani atashukuru.

"Nani amekutuma?" aliniuliza. "Unataka nini kwetu?"

Akamwita bosi wake. Wakachukua router, wakachukua kitambulisho changu cha ukimbizi, wakakitoa kopi. Bosi akasema wawapigie polisi simu. Risiti iko wapi? Sina. Nani shahidi? Hakuna. Nilihisi jasho likishuka ndani ya lile shati jeupe. Nilimkumbuka Neema, nikawaza nitamwambia nini, na kama nitapata nafasi ya kumwambia.

Nikasema neno moja tu, sijui nguvu nilitoa wapi: "Madam, kabla ya polisi, twende Old Town. Sidhani kama ilikuwa hii peke yake."

Bosi akakubali kusubiri. Tulikwenda na gari lao, mimi nyuma katikati ya Madam Tadala na mlinzi.

Muuzaji alikuwepo. Hakukana hata kidogo. Alisema alinunua mzigo wote kwa fundi aliyepewa kazi ya kuzitupa walipobadilisha mashine, na mimi nilinunua kwake mbele ya watu. Kisha akanyoosha mkono kwenye kona. Router mbili nyingine, stika za njano, zimewekwa bei, zinasubiri mteja yeyote.

Madam Tadala aliinama akafuta vumbi kwenye stika kwa kidole. Akasoma namba. Alilipa mwenyewe kutoka kwenye mkoba wake, akazibeba mwenyewe hadi kwenye gari.

Njiani kurudi aliniuliza kwa sauti ya chini: "Kwa nini hukuifuta tu ukakaa kimya?"

Nikamwambia: "Ningeifuta, lakini password zenu zingebaki zile zile."

Aligeuka akaniangalia. Kisha akasema: "Nilikuwa nimeshakuweka kwenye fungu la wezi. Nisamehe."

Ofisini bosi hakuomba msamaha, lakini nilirudishiwa kitambulisho. Router ikabaki kwao. Madam Tadala akanirudishia pesa niliyoinunulia na nauli, kisha akauliza kama kuna kitu kingine nataka.

Wakuu, ningeweza kuomba kazi. Lakini najua sheria za hapa kuhusu mkimbizi na ajira, na sikutaka aibu ya kukataliwa siku ile.

Nikaomba nione akibadilisha zile password.

Alisita. Kisha akavuta kiti. "Skrini ya password hutaona. Nyingine zote utaona."

Nilikaa pembeni yake kama saa nzima. Alikata tawi moja moja, akabadilisha ufunguo, akaliunganisha tena, kila mara anapiga simu kuuliza kama wapokezi wanawaona wagonjwa kwenye kompyuta. Tawi moja likagoma kurudi. Akaniuliza wewe ungeangalia wapi kwanza? Nikasema. Nilikosea. Akanieleza kwa nini nimekosea, bila kunidharau.

Saa ile moja ilinifundisha kuliko chuma chote nilichobeba. Kwenye video nilikuwa naona taa za kijani. Pale nilimsikia muuguzi kwenye simu akisema foleni imesimama.

Niliwahi minibus ya Dowa, ile inayopita kambini, kwa kukimbia. Nilimkuta Neema barabarani, alikuwa amesimama pale tangu mchana. Alinishika mkono tukatembea.

Sasa lab yangu ya leo, kwa wanaotaka kujua: laptop ya zamani niliyoiongezea RAM, simulator ya bure, switch ndogo ya matundu manane isiyo na feni, router ndogo ya mtumba ya nyumbani, na console cable yangu mwenyewe. Vyote vinakaa kwenye rafu moja, umeme haukatiki. Lile dude la matundu arobaini na nane nalo nilikuta lina kumbukumbu za wenyewe. Nililifuta baada ya kumwambia Madam, na sasa tunalo darasani kwa Solange. Tunaliwasha mara moja kwa wiki, madirisha yakiwa wazi.

Nilichojifunza ni hiki. Ukinunua cha mtumba, nunua unachoweza kuwasha, uliza kimetoka wapi, dai risiti hata ya kuandika kwa mkono. Ukikuta vya watu ndani, watafute wenyewe, kisha ukifute. Na ninyi mnaofanya kazi maofisini, mashine haijatoka kwenu kwa sababu tu imetoka mlangoni. Futeni. Badilisheni funguo. Kuna watu humo ndani.

Mtihani bado sijafanya. Kinachonisumbua si masomo tena, ni mlango: wanataka kitambulisho, na mimi nina karatasi ya ukimbizi tu. Kama kuna mkuu humu aliyewahi kufanya mtihani wa kimataifa kwa karatasi kama yangu, tafadhali aandike hapa chini alipitia wapi. Na mwenye kuona nilifanya ujinga kwenda pale getini, naye aseme tu. Nasoma kila comment.