Shimo la Msalato Lamchelewesha Yoramu Kurudi Ruvuma

Saa moja asubuhi, Msalato. Jembe linapanda na kushuka ndani ya korongo kavu, na kila baada ya mapigo machache Yoramu Sila anainua uso kutoka shimoni kutazama mawingu. Majirani wote wanaomba mvua. Yeye anaomba ichelewe.

"Ikianza huku, kule nako haiko mbali," anasema, akirusha mchanga miguuni mwa mwandishi huyu bila hata kuomba radhi.

Kule ni visiwa vya mto Ruvuma, mpakani mwa Mdachi na Mreno, mwendo wa siku thelathini na nane kwa miguu. Juni ya mwaka huu wa 1911, mchimba visima huyu na mdogo wake Filipo walifika huko wakibeba mizigo ya wapima mpaka, kwa rupia tano kwa mwezi. Filipo akavunjika mguu. Msafara haukumsubiri, na Yoramu alilazimika kuufuata.

Kilichompatia mgonjwa mahali pa kulala ni kichekesho. Siku ya kwanza kisiwani, Yoramu alishika jembe akachimba mchanga kutafuta maji, na mto mzima unapita hatua kumi tu kutoka alipo. Watu wa kisiwa walicheka mpaka wakakaa chini.

"Mto ninaoujua mimi ni wa kuchimba," anasema, naye hacheki.

Kesho yake shimo lilikuwa na maji safi. Bi Mishi, ambaye binti yake alichukuliwa na mamba akiteka maji mtoni, hakucheka tena. Alimpokea Filipo nyumbani kwake, akamuaga Yoramu kwa maneno ambayo hayajamtoka kichwani.

"Mto ukijaa tunahama, mwanangu. Pengine kwa Mdachi, pengine kwa Mreno. Uje kabla ya maji."

Wakivukia kwa Mreno, kumfuata kutataka cheti, na Yoramu hajui hata mlango wa kukiombea.

Basi mbona hajaondoka? Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kazi hii aliikubali ili apate unga wa safari, akidhani ni ya siku tatu. Leo ni ya kumi na moja, ameshuka kimo cha watu wawili, na mchanga bado mkavu. Katika ukoo wao mchimbaji haachi shimo kavu. Likiachwa, wanasema, hudai mtu wa nyumba ya mchimbaji.

"Na mtu wa nyumba yangu yuko kisiwani na mguu mmoja mzima!" anafoka.

Mkewe, Anyesi, anafika na uji. Anamtazama mumewe anavyotazama mawingu.

"Toka, Baba Ruthu."

"Bado kavu."

"Nimeona. Toka."

Anakaza kaniki kiunoni; mumewe anapanda, yeye anashuka, anashika jembe.

"Sasa halijaachwa," anasema kutoka chini. "Mimi si wa nyumba hiyo hiyo? Kamlete shemeji yangu."

Yoramu anasimama ukingoni, anajikung'uta mchanga. Kisha anatupia begani kibuyu na mfuko wa unga wa ujira wake. Atapita Mvumi kumuaga mama yake, avuke Ruaha kule Mtera, na hatalala mahali pamoja mara mbili mpaka aione Ruvuma. Filipo asipoweza kutembea, atambeba mgongoni.

"Na uji wako?" Anyesi anauliza.

"Kunywa wewe," anajibu, tayari yuko njiani. "Mchimbaji ni wewe."