Kifaranga wa Zambarau Aliyenikana Mbele ya Mwenye Nyumba

Nimewahi kukanwa na watu wengi. Bosi, shemeji, hata rafiki niliyemficha chumbani kwangu wakati anatafutwa.

Lakini kukanwa hadharani na kifaranga, tena kifaranga niliyempaka rangi kwa mikono yangu mwenyewe? Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kaa vizuri nikusimulie. Ukicheka, cheka kimoyomoyo, maana mimi huwa sisahau.

Mimi ni fundi baiskeli. Shule niliiacha mapema, au tuseme iliniacha yenyewe, lakini nimesoma kila kipande cha gazeti kilichowahi kufungiwa karanga mtaani kwetu. Haki zangu nazijua. Zako pia nazijua, hata kama hujaniuliza. Ndiyo maana wapangaji wenzangu walinibatiza jina la Katiba.

Wao walikuwa wananikejeli. Mimi nikalipokea kama cheo.

Mwenye nyumba wetu, akiwepo tunamwita Mzee. Akigeuka tu, ni Kufuli. Mtu huyu alifunga bomba la uani kwa kufuli. Akafunga ngazi ya kwenda juu. Akafunga hata pipa la taka, eti tunalijaza haraka.

Pipa la taka, jamani! Sasa alitaka tulijaze polepole?

Yote hayo ninayo kichwani, kwa mpangilio. Yeye anikanyage leo, mimi nitamkumbusha mjukuu wake.

Uani kuna uwanja wa pamoja, na hapo ndipo mke wangu alipofugia kuku. Tangu kiwanda cha nguo kilipompunguza kazi, kuku ndio waliokuwa wanatuwashia jiko. Mayai yakitoka, watoto wanakula. Yasipotoka, tunaangaliana. Shangazi, mtia rangi vitambaa wa chumba cha kati, alikuwa na kuku wake. Kinyozi wa chumba cha mbele naye alikuwa na wake.

Na juu yetu sote kulikuwa na mwewe.

Ndege yule hakuwa na haraka. Jua likifika utosini anakuja kama mtu aliyeitwa chakula. Anazunguka, anachagua, anashuka. Unasikia kelele za kuku, unatoka na ufagio, unakuta manyoya mawili na mama kifaranga anajizungusha kama kichaa.

Halafu anakwenda kula wapi? Juu ya tangi la maji la Kufuli. Tangi hilo ndicho kitu pekee ambacho Kufuli alisahau kukifunga.

Basi siku moja Mzee akafungua bomba la jikoni kwake ajaze glasi. Maji yakakohoa kidogo. Kikatoka kimguu cha kifaranga.

Nilimsikia nikiwa kwenye karakana yangu, mtaa wa pili.

Jioni akatusimamisha uani. "Nawapa mpaka Jumapili. Mwewe asipokoma, kuku wote nje. Na asiyetaka, atoke na kuku wake!"

Nikanyoosha mkono. Sikusubiri ruhusa. "Mzee, mwewe ni mpangaji wako au wetu? Kwa nini tuadhibiwe kwa kosa la ndege?"

"Kuku wenu ndio wanaomwita."

"Na kuku wako je?"

Maana Kufuli naye alikuwa na kuku, usione vile. Tetea mmoja mkubwa, mweupe, yuko peke yake nyuma ya ukuta wake.

"Huyo ni pambo," akasema.

Pambo! Pambo lenyewe lilikuwa limelalia mayai wiki nenda wiki rudi, na jogoo halijawahi kumwona. Viza vitupu. Kuku anatamani kuitwa mama mpaka anatia huruma.

Sikulala vizuri. Nikimtazama mke wangu naye yuko macho, anatazama dari. Tukiwatoa kuku tumekwisha. Tukitoka nao, tunakwenda wapi?

Asubuhi nikakumbuka jambo. Nilipokuwa mdogo, kulikuwa na bibi mmoja jirani aliyekuwa anapaka vifaranga rangi. Mwewe anamjua kifaranga wa njano, wa kahawia, wa madoa. Akiona kitu cha rangi isiyo ya mbinguni wala ya duniani, analiogopea tumbo lake.

Nikaita mkutano, nikawaeleza.

"Safi," akasema Kinyozi. "Mimi nachukua kijani."

"Mimi nyekundu," akasema Shangazi. "Nyie wa Katiba chukueni bluu. Kila mtu na yake, atamjua wake."

Hapo damu ikanipanda.

"Mnaona? Mnaona jinsi tulivyo? Hata vifaranga tunataka kuwagawa! Ndiyo maana Kufuli anatuchezea. Rangi moja! Wote zambarau! Umoja hauna madoa!"

Mke wangu akanivuta shati. "Baba watoto, sasa tutajuaje nani ni wa nani?"

"Mama zao watawajua."

"Una uhakika?"

"Mama hamsahau mwanawe!"

Nilisema kwa sauti kubwa, na nikisema kwa sauti kubwa huwa naamini.

Jumamosi asubuhi tukaanza. Nilitaka tutumie rangi za vitambaa, Shangazi akanikaripia. "Wewe! Hii itawachuna ngozi. Lete ile ya kupambia keki." Tukaichanganya na maji ya vuguvugu kwenye beseni. Unamshika kifaranga kwa mkono wa kushoto, unamzamisha mpaka shingoni, kichwa kinabaki nje kama abiria. Unamtoa, unamfuta, unamweka juani.

Kinyozi akawa anawapangusa kwa taulo lake la kazini. "Bosi, tupunguze pembeni?"

Kufikia saa sita uwanja mzima ulikuwa umejaa mipira ya zambarau inayolia. Na mikono yetu zambarau. Na pua ya Kinyozi, usiniulize kwa nini.

Mwewe akaja.

Akazunguka mara ya kwanza. Akashuka kidogo. Akapanda. Akatua juu ya tangi, akainamisha kichwa, akatutazama kama mgeni aliyeandaliwa chakula asichokijua jina. Halafu, wallahi, akaruka zake.

Uwanja ukalipuka. Kinyozi alinibeba mgongoni. Mimi, mtu mzima mwenye kitambi!

Furaha ile haikumaliza saa nzima.

Tulifungua mabanda tuwape mama watoto wao. Tetea wa Shangazi akatoka, akawaona, akapiga ukelele, akaruka juu ya ukuta. Wa kwangu akamdonoa wa kwanza aliyemkaribia. Wa Kinyozi alijificha nyuma ya ndoo, hataki hata kuangalia.

"Mama hamsahau mwanawe," akasema Shangazi, polepole, akinitazama.

Jua likaanza kulegea. Vifaranga wakaanza kutetemeka, sauti zao zikipungua. Ukifuga kuku unaijua sauti hiyo. Bila kifua cha mama, wasingefika asubuhi.

Na Kufuli akachungulia dirishani, akacheka. "Mwewe kashindwa, nyie mmemaliza kazi yake! Kesho Jumapili. Wote nje!"

Hapo nilisahau kila kitu.

Nilipanda juu ya ndoo katikati ya uwanja, nikaanza. Nilianzia kwenye bomba. Nikaja kwenye ngazi. Nikaja kwenye pipa la taka. Nikamtajia siku alipokata kamba ya nguo ikiwa na nguo za mgonjwa. Nikamtajia siku alipokuja msibani akauliza chumba cha marehemu kitaachwa lini.

"Toka nje kama wewe ni mwanaume!" nikapiga kelele. "Kufuli! Ndiyo, Kufuli! Hilo ndilo jina lako humu ndani, na hata mkeo analijua!"

Mlango wake ukafunguka kwa kishindo. Akatoka na fulana ya ndani, kandambili moja tu mguuni.

"Umeniitaje?"

"Kufuli!"

"Rudia!"

Nikarudia. Nilirudia mpaka sauti ikakauka. Yeye akanijibu, mimi nikamjibu, watu wa mtaani wakajaa kwenye uzio. Nilikuwa nimepamba moto. Sijawahi kuzungumza vizuri vile, na sidhani kama nitaweza tena.

Tulipochoka, yeye akaingia kwake akitweta, mimi nikashuka kwenye ndoo. Ndipo nikagundua kwamba uwanja uko kimya.

Hakuna kifaranga hata mmoja.

"Wako wapi?"

Mke wangu alikuwa anasuuza beseni. "Sijui. Labda wameona aibu."

Kabla sijajibu, tukasikia kelele ng'ambo ya ukuta. Si ya hasira. Ni ya mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Mke wangu! Njoo uone! Pambo limeangua!"

Tukapanda matofali tukachungulia. Yule tetea mweupe alikuwa amekaa kama malkia, mabawa wazi, na kila upande wa kifua chake kumechomoza vichwa vidogo. Vifaranga wetu wote, wamelala kwa raha zao.

"Wameanguliwa wakiwa zambarau?" nikamuuliza Kufuli.

"Wivu," akasema.

Jumapili asubuhi nikadai haki. Nikamwambia mbele ya watu wote: leta kuku wako uwanjani, tuwaite vifaranga, atakayefuatwa ndiye mwenye mali. Akakubali haraka mno. Ilinipasa nishtuke.

Vifaranga wakawekwa katikati. Shangazi akaita, hakuna. Kinyozi akaita, hakuna. Mimi nikapiga magoti, nimeshika chenga za mahindi. "Ti-ti-ti-ti, njoo baba, njoo."

Mmoja akanijia. Alikuja mpaka kwenye vidole vyangu vya zambarau. Akadonoa chenga moja, akaniangalia usoni.

Tetea mweupe akasema "kok" mara moja tu.

Kifaranga akageuka, akakimbia, akaingia chini ya bawa la adui yangu.

Mtaa mzima ulicheka. Kinyozi, niliyedhani ni mwenzangu katika mapambano, alikaa chini kwa kucheka. Nimemwandika kichwani.

"Haki imetendeka," akasema Kufuli, akiweka mikono nyuma kama hakimu.

Nikaingia ndani, nikajifunika shuka mchana kweupe. Nikasubiri atugongee tutoe kuku.

Hakugonga.

Kilichogonga kilikuwa nyundo. Nikachungulia. Mzee mwenyewe alikuwa juu ya ngazi, misumari mdomoni, anatandaza wavu juu ya uwanja mzima, kutoka ukuta mpaka ukuta, maana ua wake ulikuwa mdogo kwa familia ile mpya. Tangi likafunikwa. Mwewe aliporudi, Kufuli alitoka mbio na sufuria na mwiko akimpigia kelele, "Ondoka! Nenda kwenu! Unataka watoto wa watu?"

Habari ya kuku kutoka haikuzungumzwa tena. Sasa angesemaje? Yeye ndiye mfugaji mkubwa kuliko sote.

Na tetea wetu, kwa vile hawakuwa na watoto wa kulea, wakarudi kutaga mapema. Jiko likawaka.

Siku moja mke wangu ametoka bandani, aproni imejaa mayai, mimi bado namlaani Kufuli kwa wizi wa vifaranga.

"Hakuiba," akasema.

"Nini?"

"Nimemwekea mimi. Nilitoa viza, nikawaingiza chini yake mmoja mmoja, kwenye giza la kibanda. Kuku aliyelalia hivyo hakatai mtoto hata ukimpa wa samaki."

Nikakaa chini. "Vifaranga wetu? Umempa Kufuli?"

"Ningewaacha wafe kwa baridi ili tubaki na haki yetu? Na angetufukuza vilevile. Mtu hafukuzi kuku akiwa na wake uwanjani, baba watoto. Shangazi na Kinyozi niliwaambia siku hiyohiyo. Wakakubali."

"Mimi mbona hukuniambia?"

"Wewe ungetangaza."

Nikatafuta swali lingine. "Uliingiaje kwake? Yule hata akienda chooni anafunga mlango!"

Akatabasamu. Mimi na mwanamke huyu tumeishi miaka mingi, tabasamu lile nalijua.

"Siku ile ulimtukana vizuri sana. Alitoka bila kufunga, na mkewe nyuma yake kutazama. Nikawa naomba Mungu usifike mwisho. Ulipofika kwenye kamba ya nguo nilikuwa bado nusu, nikasema, ee Mola, mkumbushe na mengine."

Bado sijamsamehe Kufuli, mlijue hilo. Wala Kinyozi.

Ila nimejifunza kitu, nanyi nawaachia. Mwenye nguvu hamwoni mwewe mpaka siku mwewe anapotazama vifaranga wake yeye.

Na wewe unayesimama juu ya ndoo kupiga kelele, usiache. Kelele ni kazi kama kazi nyingine. Hakikisha tu kwamba wakati wewe unapiga, kuna mtu wako anayepita mlangoni.