Digrii Iliyopakwa Samli

“Ungeikaanga kabisa, Mama, tuile na chai,” Jarso alisema, akainua digrii yake kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imelowa samli. Katikati ya jina lake alimwona punda wa jirani, masikio na yote.

Kabale, mama yake, alikaa kwenye kigoda, samli ingali vidoleni, akauliza ni lini baraka imekuwa kosa. Mtoto akizaliwa hupakwa samli utosini. Bibi arusi hupakwa nywele. Hata buna, zile punje za kahawa, haikaangwi kavu. Yeye alfajiri ameitoa karatasi kwenye mkebe wa majani ya chai, akaiona imekauka kama ngozi ya mbuzi wa kiangazi, akasema bismillahi, akaipaka mbele na nyuma. Kitu kikavu hivyo, nani atakitaka?

Na kweli hakuna aliyeitaka. Jarso alirudi mtaani kwao Bulla Pesa kutoka chuo kikuu mwaka wa themanini na nne, wa kwanza katika ukoo mzima kuvaa joho, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu anatafuta kazi. Aliitafuta kwenye magazeti ambayo Githinji, mwenye duka la pembeni, alifungia wateja sukari. Akishakung’uta sukari asome tangazo, siku ya mwisho imepita zamani. Aliandika tu, akaweka namba ya sanduku la posta la Githinji, maana kwao hakukuwa na sanduku. Barua zake zingetandikwa chini zingefika Burat, na mbuzi angetembea juu yazo mpaka huko bila kukanyaga mchanga. Majibu yalikuja mepesi. Kabale hakujua kusoma, lakini alipima kwa kiganja: bahasha nyepesi ni “tunasikitika”. Mbuzi wake mmoja alikula moja ya hizo, na tangu siku hiyo hakutaka dume tena.

Lakini wiki iliyopita ilikuja bahasha nzito. Mradi wa kumwagilia mashamba kule Rapsu ulitaka afisa mmoja mwenye digrii. Mahojiano ni asubuhi hii, kwenye ofisi za mjini, na kila mtu aje na karatasi yake halisi.

Gathoni, mke wa Githinji, alikuwa ameletwa na kelele za mama na mwana. Bila kuuliza aliinyunyizia digrii unga wa mahindi, akaifunika gazeti, akapitisha pasi ya makaa juu yake mara tatu, nne.

“Mama Jarso, inasomeka,” alisema. “Muhuri umenenepa kidogo, lakini unasomeka.”

Jarso alisema haisomeki. Akavua viatu, akavisukuma ukutani, akalala kitandani na shati lake jeupe. Waende wengine, alisema. Nani ataajiri mtu anayenukia samli? Mama ndiye amemmaliza.

Kabale alimtazama. Aliwahi kumwona ng’ombe akilala njiani kwenda kisimani. Nguvu alikuwa nazo. Alichoka tu kufika na kukuta kisima kikavu. Uso ulikuwa huu huu.

“Wewe hujakasirika,” alisema polepole. “Umefurahi. Wakikukataa leo utasema ni samli ya mama.”

Pasi ikatulia mkononi mwa Gathoni.

“Na wakinikataa nikiwa na karatasi safi, Mama?” Jarso aliuliza, macho darini. “Nimevaa viatu, nimejibu kila swali. Hapo nitasema ni nini?”

Kabale hakuwahi kukosa neno. Watu husema kuna fisi alikutana naye njiani, akamsemesha mpaka fisi akasahau njaa yake, akarudi pangoni akiomba radhi. Sasa alitafuta neno chini ya ulimi, pande zote, asilione.

“Utasema ni mimi,” alianza. “Hata kama si mimi. Utawaambia watu wote kwamba mama yako—”

Mlango ukasukumwa bila hodi. Alikuwa Githinji, aproni ya duka kifuani, akihema. Alikuwa amepeleka sukari kwenye zile ofisi, akarudi mbio.

“Jarso, wameita jina lako mara mbili. Wakiita ya tatu, wanafunga.”

Hakuna aliyemaliza neno lake. Kabale alivuta viatu kutoka ukutani, akaanza kuvifuta vumbi kwa vidole vile vile vya samli, na Jarso, bado amelala, akanyoosha mguu mmoja.