Hem ya Rinda Langu

Juzi nilimwona fundi wa nguo mtaani Bulla Pesa akifumua pindo la sare ya mtoto. Nje kitambaa kilikuwa kimepauka kwa jua, lakini ndani ya mkunjo kilikuwa bado buluu kabisa. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Alasiri ile nilikimbia kutoka shule na neno jipya la Kiingereza. Mama alikuwa akinishonea sare, anakanyaga cherehani, anakohoa, anakanyaga tena. Chumba kilinuka mafuta ya mashine na dawa ya kifua.

"Mama, mwalimu amesema hapa chini panaitwa hem."

"Hem," akarudia, huku akiikunja mara ya pili, halafu ya tatu.

"Ni nene sana! Watanicheka!"

"Wacha wacheke. Ukirefuka, shangazi yako wa Kulamawe ataifumua kidogo kidogo."

"Kwani wewe?"

Alikata uzi kwa meno, akainamia cherehani tena. Nilidhani amekasirika. Nikalilia ubaya wa sare.

Nilipofika darasa la nane, nikiishi Kulamawe kwa shangazi tangu tumzike mama, mkunjo mmoja tu alioushona ulikuwa umebaki. Shangazi akachukua wembe aufumue. Nilimrukia mkono.

"Hem hii usiiguse, shangazi. Afadhali nivae fupi."