Sweta la Babu Lilivyofumuliwa Muyinga

Sufu iliyolowa ina harufu yake, nzito kama ya mbuzi aliyenyeshewa, na ikichanganyika na moshi wa mikaratusi hunirudisha jikoni kwa bibi, Muyinga, kiangazi kile tuliporudi kutoka Tanzania. Nilikuwa na miaka minane. Nilizaliwa huko, katika kambi ya wakimbizi, nikakulia katika Kiswahili, na Kirundi changu kilikuwa cha kuokoteza. Watoto wa jirani walinicheka nilipofungua kinywa, basi nikakifunga. Bibi, aliyemzaa mama, alinizungumzisha kwa Kirundi chake, mimi nikawa namjibu kwa kutazama chini. Damu nzito kuliko maji, lakini damu haina maneno.

Asubuhi moja ya baridi alinikuta nikitetemeka mlangoni. Aliingia chumbani, akatoka na sweta la kahawia la marehemu babu, akakata mshono wa bega kwa wembe. Mama aliruka.

"Mama! Hilo si la baba?"

Bibi alijibu kwa Kirundi bila kuinua macho, na mama, badala ya kukasirika, alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akanitafsiria: "Anasema baba yangu hasikii tena baridi."

Basi tukaketi mkekani. Mimi nilivuta uzi, bibi akauviringa kuwa donge. Sweta lilifumuka safu baada ya safu, kwa mlio mdogo wa kutekenya, uzi ukitoka umejikunja kama nywele za mtoto. Ghafla ukakwama. Nikavuta kwa nguvu, ukazidi kukaza. Bibi akanishika kidole, akakiweka juu ya uvimbe ule mdogo.

"Ipfundo," alisema.

Nilishtuka. "Fundo?"

"Ipfundo!"

"Fundo!" nikapiga kelele.

Tulilifungua pamoja, kwa kucha. Kisha nikagusa macho yangu: macho. "Amaso," akasema. Meno yakawa amenyo, maji yakawa amazi. Nilitoka mbio uani, nikamwonyesha bibi kuku. "Inkoko!" akasema. Nilizunguka nyumba nikigusa kila kitu, bibi nyuma yangu na donge kwapani, akicheka, uzi ukitambaa vumbini na vifaranga wakiukimbiza.

Uzi ulioshwa, ukatundikwa na jiwe ili unyooke, na bibi akanifumia sweta langu. Kipya kinyemi: nililivaa hata kwenye jua la mchana. Watoto wa jirani walinicheka tena, safari hii nikawajibu, kwa Kirundi kibovu, nasi tukacheka sote.

Sasa naishi Gitega, mtaa wa Magarama. Sweta la mtumba linapatikana sokoni kabla chai haijapoa, wala hakuna anayefumua kitu. Watoto wangu humpigia simu mama yangu, bibi yao, na katika sentensi moja huchanganya Kirundi, Kiswahili na Kifaransa bila kujua wamevuka mpaka. Nafurahi kwa ajili yao. Ila mara nyingine nawaonea huruma kidogo: hawataonja kamwe raha ya kumpata bibi mzima kwa neno moja.